Kiboti cha mvuke cha ndala na paipu ya breki, kinatengenezwa hivi

Kabla ya yote tuelewane kitu kimoja, kiboti ninachoelekeza hapa hakina tanki la mvuke. Hamna kopo lililofungwa, hamna vali, hamna pistoni, wala propela hamna. Ni kipaipu chembamba cha kopa kimezungushwa katikati, ncha zake mbili ziko wazi na zimezama ndani ya maji, chini ya mzunguko kuna mshumaa, basi. Nasema mapema kwa sababu ukimtajia mtu boti ya mvuke akili inamwenda kwenye kopo la maziwa ya unga lijazwe maji, lizibwe, litobolewe kitundu nyuma alafu liwekwe juu ya moto. Hiyo achana nayo kabisa. Kitundu kikiziba mvuke hauna pa kutokea, kopo linapasuka, na anayekuwa ameinama karibu kuangalia ni mtoto. Hiki chetu hakiwezi kupasuka hivyo maana hakuna mahali popote palipofungwa, mvuke ukizidi unasukuma maji nje kwenye paipu na mambo yanaishia hapo.

Sasa kinaendaje? Paipu unaijaza maji mpaka ncha. Moto unachemsha maji kidogo tu ya pale kwenye mzunguko, na maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo, kwa hiyo yale maji yaliyobaki kwenye mikia ya paipu yanasukumwa nje kwa nyuma, kiboti kinapigwa teke kwenda mbele. Mvuke ukifika kwenye ile sehemu ya mkia iliyo baridi unarudi kuwa maji, nafasi inabaki tupu, maji ya nje yananyonywa tena ndani, yanafika kwenye moto, yanachemka, mchezo unaanza upya. Inatokea mara nyingi ndani ya sekunde moja, ukishika kiboti mkononi unasikia kinatetemeka.

Hapa kila mtu anauliza swali hilo hilo: kama maji yanatoka alafu yanaingia kwa njia ile ile, mbona kiboti hakirudi nyuma? Washa mshumaa, upulize ukiwa umbali wa mkono mmoja, utazimika. Alafu uwashe tena ujaribu kuuzima kwa kuvuta pumzi ndani ukiwa pale pale. Utavuta mpaka mapafu yachoke. Kinachopulizwa kinaenda mshale mmoja, kinachovutwa kinatoka pande zote kwa pamoja, na maji ya kwenye paipu ni hivyo hivyo, yakitoka yanatoka kwa mshale kwenda nyuma na yakiingia yanakusanywa kutoka kila upande, kwa hiyo teke la kwenda mbele linashinda.

Na shika hili maana ndo litakusaidia baadaye kikigoma: nusu ya injini ni moto, nusu ya pili ni ubaridi. Watu wote wanahangaika na moto. Kiboti kikigoma wanaongeza mshumaa, kikigoma tena wanaleta jiko la gesi, kumbe shida iko kwenye mkia, mvuke haupati pa kupoa.

Kitu chenyewe sio kipya. Mfaransa Thomas Piot aliomba hataza, yani haki ya mbunifu, ya kiboti cha namna hii kule Uingereza mwaka 1891, baadaye Mmarekani Charles McHugh akaleta mwaka 1916 chenye kichumba chenye kibati chembamba juu ambacho kinabonyea na kurudi, ndo kile kinachopiga kelele tuk tuk tuk kama mashine ya kusaga ya mbali. Hii ya paipu ya kuzungusha ni ya kimya zaidi, inanguruma kwa chini tu, ila kwa fundi wa nyumbani ndo rahisi kuliko zote.

Tuje kwenye kopa, hapa ndo pesa na akili vinapotumika. Ukienda kwa fundi friji atakupa vitu viwili, kapilari na paipu ya robo inchi. Kapilari usichukue, tundu lake jembamba mno halifiki hata milimita moja na nusu, maji hayachezi. Ya robo inchi inafanya kazi ila inataka moto mkubwa, mshumaa unaishia kuipasha tu. Inayofaa ni ile ya inchi 3/16, yani kama milimita 4.8 kwa nje, na hiyo ni saizi ya paipu za breki za magari mengi, kwa hiyo maduka ya spea na magereji ndo pa kwenda. Mwambie "fundi shikamoo, naomba nisaidie kipande cha paipu ya breki ya kopa, futi mbili na kidogo". Atakuuliza ya gari gani, mwambie ya boti, mtacheka wote. Wewe unataka sentimita 65. Kama ni cha kutoka kwenye skrepa jiandae kupimiwa kwa kilo maana kopa kwao ni mali, ila kipande kama hicho hakina uzito.

Nenda na sumaku. Hata ya spika mbovu inatosha. Paipu nyingi za breki ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba juu, kwa macho huwezi kutofautisha, sumaku ikinasa hiyo ni chuma, mrudishie. Chuma hakipitishi joto vizuri kama kopa, na kwa hewa ya chumvi ya huku kwetu Tanga kitaoza kabla mtoto hajakichoka. Ukipata ya zamani iliyotumika ioshe ndani kwa maji ya sabuni mara kadhaa mpaka mafuta ya breki yaishe, hayo sio ya kuchezea na usivute kwa mdomo.

Vingine ni vya nyumbani. Jozi ya ndala kuukuu, zile za sponji nene, na ukitembea ufukweni Raskazone maji yakishatoka utaokota za kutosha kutengeneza manuwari. Kopo la samaki la bati lile bapa. Mshumaa. Gundi ya viatu. Bomba la sindano la famasi, lile la plastiki bila sindano yenyewe. Chumvi laini ya mezani, plaisi, kisu kikali, msasa, kipande cha waya mwembamba, na betri kubwa la tochi lililokufa.

Anza na paipu. Kopa ikiwa ngumu ukiikunja inabonyea, na ikibonyea tundu linaziba na hiyo paipu imekufa. Kwa hiyo ilegeze kwanza: iweke juu ya makaa au moto wa gesi, zungusha taratibu mpaka sehemu ya katikati kama sentimita 35 iive rangi nyekundu iliyofifia, alafu ichovye kwenye ndoo ya maji. Wafua visu watashangaa maana panga ukilifanyia hivyo linakuwa gumu, kopa inafanya kinyume, inalegea mpaka unaikunja kwa vidole. Hakikisha ncha zote ziko wazi ukiwa unachoma, na usiwe umeweka kitu ndani. Tumia plaisi, na mtoto akae pembeni kwenye hatua hii hata akilia.

Ikishapoa na kukauka ndani, ziba ncha moja kwa selotepu, jaza chumvi laini huku unagongagonga ishuke, ziba ncha ya pili. Chumvi inazuia paipu isibonyee. Wengine wanatumia mchanga, mi naona chumvi ni bora kwa sababu ukimaliza unaiyeyusha kwa maji inatoka yote, mchanga chembe moja ikibaki kwenye kona utaitafuta mpaka magharibi. Chumvi ya mawe ile ya kwenye mashamba ya chumvi haiingii, lazima iwe ya unga.

Sasa zungusha kwenye betri. Weka katikati ya paipu kwenye betri na uzungushe mizunguko miwili na nusu, sio miwili kamili. Hiyo nusu ina sababu, ukiacha miwili kamili mkia mmoja utaangalia mbele na mwingine nyuma, ukiongeza nusu yote miwili inaangalia upande mmoja. Mizunguko isigusane sana, iachane kama milimita mbili ili moto upite katikati. Toa betri, toa selotepu, osha chumvi kwa maji ya uvuguvugu ukitumia bomba la sindano, alafu puliza. Hewa ikipita bila kugoma uko vizuri. Mikia ibaki na kama sentimita 16 kila mmoja, na usiikate kufupisha hata ukiona inazidi boti, huo urefu ndo ule ubaridi niliousema pale juu.

Bodi. Kata soli mbili za ndala kwa umbo la boti, omo yani mbele iwe na ncha, tezi yani nyuma iwe bapa, urefu wa ndala yenyewe unatosha. Paka gundi ya viatu pande zote mbili, subiri ikauke kidogo mpaka isishike kidole, ndo uzibandike. Iache usiku kucha. Hii sio ushauri wa urembo, gundi ya viatu ikiwa mbichi mvuke wake unashika moto, na wewe unataka kuweka mshumaa hapo juu. Ukiwa na muda na mikono mizuri unaweza kuchonga kwa mti wa msufi, ni mwepesi na unachongeka, kinatoka kidau cha maana kabisa. Ila ndala inaelea hata ikitobolewa na haihitaji rangi. Boksi la juisi nalo linafaa kama huna kingine, shida ni kwamba likilowa kwenye mkato linalegea.

Kopo la samaki ndo jiko. Likate ukuta mmoja mfupi uufungue kwa nyuma ili mikia ya paipu ipite, piga msasa kingo zote zisikate mtu, libandike juu ya ndala sehemu ya katikati kuelekea omo kidogo. Ndani mwaga mchanga mkavu nusu sentimita hivi. Mchanga unazuia joto lisishuke kwenye ndala, maana sponji ya ndala ikishika moto moshi wake ni mbaya, na pia mshumaa unasimama vizuri ukiupandikiza mle. Kuta za kopo zinakinga upepo.

Kupitisha mikia kwenye bodi usihangaike kutoboa matundu. Chukua kisu, kuanzia tezi pasua mipasuo miwili iliyonyooka kuja mbele, iachane sawa na mikia inavyoachana, mpaka kama sentimita tano nyuma ya kopo. Sukuma mikia ndani ya mipasuo hiyo kwa mteremko, yani inatoka kwenye mzunguko juu, inashuka taratibu kwenda nyuma, inatokea chini ya boti, alafu unaikunja kidogo iwe sambamba na maji na ncha ziangalie nyuma moja kwa moja. Ncha ziwe chini ya uso wa maji kama sentimita mbili, zikikaa juu zitanyonya hewa. Rudishia mpasuo kwa gundi, ndala yenyewe inabana paipu vizuri sana. Hakikisha hakuna mahali mkia unapanda juu alafu ukashuka, kigongo kama hicho kinashika povu la hewa na hutajua kwa nini kiboti kimekaa kimya.

Mzunguko wenyewe ulale kama springi iliyolazwa, uning'inie juu ya kopo, na sehemu ya chini ya mzunguko iwe pale ncha ya mwali inapofika. Sio ndani kabisa ya mwali karibu na utambi, huko kunatoa masizi tu. Kama unayumba funga na waya kwenye kingo za kopo.

Kuhusu moto: vipande viwili vifupi vya mshumaa vilivyosimama karibu karibu vinatosha kwa paipu hii. Kibatari cha mafuta ya taa kinawaka ila masizi yake yanavaa kopa mpaka joto halipiti. Spiriti inawaka safi na ina nguvu kuliko mshumaa, lakini mwali wake juani hauonekani, mtu anapeleka mkono akidhani imezimika, kwa hiyo mi kwa watoto siishauri. Petroli usiitaje hata kwa utani.

Kuwasha kuna utaratibu. Weka kiboti kwenye beseni la maji ya bomba, la kwanza lisiwe baharini. Chovya ncha moja, kwenye ncha ya pili chomeka bomba la sindano na uvute mpaka yaje maji matupu bila mapovu. Likiwa legelege zungushia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Ziba ncha hiyo kwa kidole, izamishe, ndo uachie. Hewa kidogo tu ikibaki ndani inakuwa kama godoro, mvuke unaibonyeza hewa badala ya kusukuma maji na hakuna kinachotokea. Sasa washa mshumaa, na kila siku anza na maji kabla ya moto, ukipasha paipu kavu alafu maji yakaingia ghafla yatarukia nje yakiwa ya moto. Subiri. Kwanza utaona vipovu vidogo kwenye ncha, alafu mtetemo, alafu maji nyuma ya tezi yanaanza kucheza na kiboti kinajivuta chenyewe taratibu kama hakina habari na wewe.

Kikigoma, fuata huu mpangilio. Kwanza shuku hewa, jaza upya. Kikienda dakika mbili tatu alafu kikasimama wakati moto bado upo, pima maji ya beseni kwa mkono, beseni dogo linapata joto na mikia haipoi tena, badilisha maji au hamia kwenye karai kubwa. Kikitoa mvuke na kutema mate bila kwenda, moto umezidi, toa kipande kimoja cha mshumaa. Mikia mifupi inaleta dalili hiyo hiyo. Kikitetemeka ila hakisogei, angalia ncha zinaangalia wapi, mara nyingi zimepinda kuelekea chini na kiboti kinajaribu kupaa. Kikizunguka duara, ncha zimepinda upande, zinyooshe au weka usukani wa kipande cha bati pale tezi, na kwenye beseni duara sio mbaya, zipindishe makusudi kizunguke.

Kasi usitegemee makubwa, kinaenda mwendo wa mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Asilimia kubwa ya joto la mshumaa inapotea hewani, na nyingine inaishia kupasha maji ya beseni. Meli za kweli za mvuke nazo zilikuwa zinakula kuni na makaa balaa, Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilikuwa ya mvuke mpaka miaka ya 1970 ndo ikawekewa dizeli. Ila yenyewe ilikuwa na boila na injini za kueleweka, isilinganishwe na hii yetu ya samaki wa kopo.

Wa huku mtataka kukipeleka baharini, najua. Nenda asubuhi mapema kabla upepo haujapanda, na usikiachie kwenye bahari wazi hata pakiwa shwari, kitakwenda zake Kisiwa cha Toten na mshumaa wako. Tafuta dimbwi linalobaki kwenye mchanga maji yakitoka, siku za bamvua maji yanatoka mbali na madimbwi yanakuwa makubwa ya kutosha watoto watatu kushindanisha. Maji ya dimbwi jua likishapanda yanakuwa ya moto, na kiboti kinachoka mapema kwa sababu ile ile ya beseni, kwa hiyo hiyo asubuhi inakusaidia mara mbili. Fungia kamba ndefu nyembamba kama ya mshipi kwenye tezi.

Maji ya chumvi yakichemkia kwenye paipu yanaacha ukoko, na tundu la milimita tatu na kitu halichukui muda kuziba. Ukirudi nyumbani pitisha maji ya bomba kwa sindano mara tano sita, puliza mpaka ikauke. Kama umechelewa na tayari pana ukoko, jaza siki uiache usiku mmoja alafu osha. Masizi ya nje yafute na msasa laini. Mshumaa uutoe kabisa kabla ya kukiweka kabatini, panya wanakula nta, na wakishauzoea mshumaa wanahamia kwenye ndala.